Myahudi wa Peke Yake Hayupo



Anayetaka kusilimu hahitaji safari ndefu. Akishaamini moyoni, hutamka shahada mbele ya mashahidi, akaoga, akapewa jina, na jioni ile ile anasimama safu moja na waliozaliwa humo. Anayetaka kuokoka huitwa mbele ya umati uwanjani, akainua mikono, akaombewa. Dini hizo mbili tumezizoea, na zote mbili hutoka kumtafuta mtu mpaka mlangoni kwake. Ndiyo maana wengi wetu hushangaa wakisikia kwamba katika ukoo huo huo wa Ibrahimu ipo dini ya tatu, nayo ukiibishia hodi hawakuitikii karibu. Wanakuuliza umefuata nini.

Swali hilo ni la zamani. Limo katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi uliokamilishwa Babeli yapata miaka 1500 iliyopita. Pale marabi wanaelekezwa wamuulize mgeni kama hajui kwamba Waisraeli ni watu wanaoonewa na kusukumwa huku na kule. Akijibu kwamba anajua, na kwamba hata hivyo hajioni kustahili kuwa mmoja wao, hapo hupokelewa. Wala hafundishwi yote siku hiyo. Huelezwa amri chache nyepesi na chache nzito, na miongoni mwa zinazotajwa kwa jina ni zile za kuwaachia maskini masazo ya mavuno shambani. Angalia wanavyoanza, msikilizaji. Mtu amekuja kumtafuta Mungu, nao wanamwuliza kama yuko tayari kuonewa pamoja nao, kisha wanamweleza haki ya jirani asiye na kitu.

Wanaosoma Biblia wanamkumbuka Ruthu, yule mjane wa Moabu aliyekataa kumwacha mama mkwe wake Naomi njiani. Katika kiapo chake anawataja watu wa Naomi kwanza, Mungu wa Naomi anafuata. Wayahudi humsoma Ruthu kila mwaka katika Sikukuu ya Majuma, nao humhesabu kuwa mfano wa kila anayeingia kutoka nje.

Leo nataka tuzungumze juu ya utaratibu huo wa watu kwanza. Nitasema mapema ninaposimama: naona una haki, ingawa una ukatili wake.

Kisheria mambo ni machache. Pawepo mahakama ya watu watatu, ambao huitwa baraza la hukumu. Mwanamume atahiriwe, na kama alikwisha kutahiriwa, litolewe tone moja la damu kuwa alama. Kisha wote, wanaume kwa wanawake, wazame mwili mzima katika birika maalumu la maji au mtoni. Kazi hiyo yote huweza kumalizika kabla ya chakula cha mchana. Kinachochukua mwaka, miaka miwili, pengine mitatu, ni yale yanayotangulia: kuishi na Wayahudi mpaka maisha yao yakukae mwilini. Mahakama ya marabi wa Kiorthodoksi kule London humtaka mwombaji akakae na familia inayoshika sheria, ale nao, afunge nao, aamke nao. Vitabu anaweza kuvisoma popote. Jikoni je?

Maana dini hii iko jikoni zaidi ya inavyodhaniwa. Nyama na maziwa havichanganywi, wala sufuria zake. Mnyama lazima achinjwe na mtu aliyesomea kazi hiyo, na akionekana na dosari kwenye mapafu huenda akaachwa. Mkazi wa pwani atasema hilo si geni, sisi tuna halali yetu, na kweli yanafanana. Lakini Mwislamu wa Mombasa au Tanga akitaka nyama ana bucha kila mtaa. Myahudi aliye peke yake mjini hana mchinjaji, basi hula mboga na mayai mpaka Mungu alete mwenzake.

Halafu ipo Sabato. Tangu jua linapozama Ijumaa hadi nyota tatu zionekane Jumamosi, mshika sheria hawashi moto, haendeshi gari, hapandi hata matatu, maana kupanda nako kuna kulipa na kubeba. Kwenda kusali ni kwa miguu. Basi chukulia unakaa Rongai, na sinagogi la Nairobi liko kule katikati ya jiji karibu na chuo kikuu. Utatembea nusu siku. Kwa sababu hiyo Wayahudi wa Kiorthodoksi duniani kote hukaa mtaa mmoja, mwendo wa kutembea kutoka sinagogini, na marabi wakimwuliza mwombaji anakaa wapi huwa wanauliza kama ataweza kuishika Sabato au ataivunja kila wiki kwa ajili ya nauli. Hapa ndipo ukatili ninaousema unapoingia, kwa sababu katika miji mingi mikubwa nyumba zilizo karibu na sinagogi kodi yake haishikiki. Maskini anayetaka kuingia Uyahudi anajikuta amesimamishwa na mwenye nyumba kabla hajasimamishwa na rabi.

Sala nazo zina hesabu. Pasipo watu wazima 10, sehemu fulani za ibada hazisomwi, ikiwemo ile sala ambayo mfiwa humsomea mzazi wake muda wa miezi 11. Waorthodoksi huhesabu wanaume tu, wengine huhesabu na wanawake. Vyovyote iwavyo, ukifiwa na baba leo na mko 9, unatoka nje kutafuta wa kumi. Na siku yako wewe ikifika, desturi ni kuzikwa upesi, kuoshwa na kuvikwa sanda nyeupe na watu wa jamii yako, mwanamume na wanaume wenzake, mwanamke na wanawake wenzake, pasipo malipo. Waswahili tukisema kufa kufaana tunajua tunachosema. Hebu jiulize: aliyesoma Torati peke yake chumbani miaka 20, akafia humo, nani atamwosha?

Sasa tuvuke mpaka twende Uganda, maana mfano mkubwa wa jambo hili katika Afrika Mashariki uko Mbale, chini ya Mlima Elgon. Nao unavutia kwa sababu ulikwenda kinyumenyume: jamii ilijiunda kwanza, marabi wakaja baada ya miaka zaidi ya 80.

Mwanzilishi aliitwa Semei Kakungulu, Muganda, mpiganaji hodari na Mprotestanti wa enzi zile ambapo dini na siasa za Buganda zilikuwa kitu kimoja. Aliwatumikia Waingereza kwa mkuki na kwa bunduki. Mwaka 1899 alikuwamo katika kikosi kilichowakamata Kabaka Mwanga na Kabalega wa Bunyoro, kisha akaiteka nchi ya mashariki akidhani atakuwa mfalme wake. Waingereza hawakuwa na nia hiyo. Walimpa vyeo, wakampunguzia mamlaka kidogo kidogo, mwisho akajiona ametumiwa. Akarudi Mbale, akajiunga na wafuasi wa Malaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali, akaendelea kusoma Agano la Kale mstari kwa mstari.

Humo akakutana na tohara. Baganda hawakutahiri. Majirani zake wapya Wamasaba hutahiri, tena kwa sherehe kubwa, lakini wao hungoja vijana wakue. Kakungulu aliona imeandikwa siku ya nane. Wenzake wa Malaki walipomwambia hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba kama ni hivyo, basi tangu siku hiyo wao ni Wayahudi. Ilikuwa 1919. Alijitahiri yeye na wanawe, akahamia Gangama pamoja na wafuasi wake, na mwaka 1922 akachapisha kitabu cha sheria na sala za jamii yake. Wakati huo alikuwa bado hajamwona Myahudi hata mmoja.

Niruhusu nichepuke kidogo. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake Joseph Chamberlain, iliwapa viongozi wa Wazayuni ardhi ya kuwakalisha Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi. Mpango huo huitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, kule Eldoret ya leo. Wajumbe walikuja, wakaitazama, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa. Haikupita miaka 15, upande wa pili wa Mlima Elgon, Mwafrika akajifanya Myahudi mwenyewe bila kualikwa na mtu yeyote. Historia ina mizaha yake.

Turudi Mbale. Mwaka 1926 Kakungulu alikutana Kampala na Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosefu tu. Yosefu alikaa na jamii ile kama miezi sita. Akawafundisha kalenda, sikukuu, uchinjaji, akawaondolea mambo kadhaa ya Kikristo yaliyokuwa bado yamo katika ibada yao. Kisha akaondoka. Miaka miwili baadaye, Novemba 1928, Kakungulu akafa kwa pepopunda.

Hapo ndipo jamii hii ingetakiwa kufa. Imani iliyoanzishwa na mkubwa mmoja mwenye ghadhabu na wakoloni, isiyo na mwalimu wala msaada kutoka ng'ambo, kwa kawaida huzikwa na mkubwa huyo. Wengine kweli walirudi Ukristoni. Lakini waliobaki walikuwa wanakaa pamoja vijiji vichache, wanaoana, wanachinjiana, wanazikana. Wazee kama Samson Mugombe wakashika sala. Watu hawa huitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda, na katika miaka ya 1960 mwanazuoni wa Kiisraeli Arye Oded, aliyekuwa Makerere, aliwakuta wangali wanashika Sabato yao.

Akaja Idi Amin. Mwaka 1972 alivunja uhusiano na Israel, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa, wengi wakabadili dini kuokoa maisha au kazi, wakabaki mamia wachache walioomba kwa siri majumbani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Wapo wanaonisikiliza sasa hivi waliokuwa katika vita ile. Huenda hawakujua kwamba jua lilipozama siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndipo usiku wa kwanza wa Pasaka ulipoanza, usiku wa kukumbuka kutolewa utumwani kwa Farao. Abayudaya hawajalisahau hilo, wala sioni kwa nini walisahau.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika habari yote hii. Katika miaka ya 1980 vijana, miongoni mwao Gershom Sizomu na J. J. Keki, waliona kwamba uhuru wa kuabudu peke yake hautawarudisha watu. Walisikia habari za kibutsi, yale mashamba ya ujima ya Israel, nao wakaamua kuishi na kulima pamoja kwenye kilima cha Nabugoye, hapo penye sinagogi. Hawakuanza kwa mahubiri. Walianza kwa jembe na chungu kimoja, na nyimbo za Zaburi kwa Kiganda zilizopigiwa gita. Nyimbo hizo baadaye zilirekodiwa na kufika mbali, ila kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaweka vijana kilimani usiku wa Ijumaa badala ya kushuka mjini.

Nao hawakujifungia. Keki alikuwa New York siku ile majengo yaliposhambuliwa, Septemba 2001. Aliporudi aliwaendea majirani zake Wakristo na Waislamu, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wenye wanachama wa dini zote tatu. Kahawa ya Elgon wakaipatia soko Marekani. Hilo nalo nalihesabu katika maisha ya jamii, kwa sababu Myahudi wa Nabugoye hazungukwi na Wayahudi. Amezungukwa na Wamasaba, kanisa upande huu na msikiti upande ule, na mvua ikikatika inawakatikia wote.

Mwaka 2002 ndipo lilipokuja jambo gumu. Marabi wa tapo la Konsavativu, lisilo kali kama la Kiorthodoksi, wengi wao kutoka Marekani, walifika Mbale kuwaingiza rasmi. Mahakama ikakaa, wanaume wakatolewa lile tone la damu, watu mamia wakazama majini mmoja mmoja. Weka moyoni picha hiyo: mzee aliyetahiriwa siku ya nane, ambaye baba yake pia alitahiriwa siku ya nane, aliyeomba gizani enzi za Amin, anaulizwa na vijana wa kigeni kama kweli anataka kuwa Myahudi. Wapo waliokataa, wakiona ni matusi. Wapo waliokubali kwa unyenyekevu, wakisema wanafunga tu fundo la mwisho. Na wapo, kule kijiji cha Putti, waliosema kama ni kuingizwa basi waingizwe na Waorthodoksi, maana Waorthodoksi hawautambui uingizaji wa Konsavativu. Jamii ya watu wasiozidi elfu chache ikapata madhehebu mawili. Nani kati yetu wa kuwacheka? Misikiti na makanisa yetu yamegawanyika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Sizomu akaenda kusomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008, akarudi kilimani. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, karibu wote wasio Wayahudi, walimpeleka bungeni.

Lakini vyeti vya 2002 havikumaliza maneno. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel imewakatalia watu kutoka Mbale walioomba kuhamia kule, ingawa Shirika la Kiyahudi, chombo kikubwa kinachosimamia uhamiaji, limewatambua. Sheria ya Kurejea ya 1950 inamfungulia mlango hata aliyeingia Uyahudi, lakini maofisa hutaka uingizaji uwe umefanyika ndani ya jamii inayotambulika, na mtu awe ameishi na jamii hiyo kwa miezi kadhaa. Kigezo hicho kwenye karatasi mimi nakiunga mkono. Ajabu ni kuona kikitumiwa dhidi ya watu ambao hawana kingine walichofanya kwa karne nzima isipokuwa kuishi pamoja.

Linganisha na wale wa Italia. Huko San Nicandro, kijiji cha kusini, mtu mmoja aliyeitwa Donato Manduzio, askari aliyelemazwa katika Vita Kuu ya Kwanza, alisoma Biblia akaamini Wayahudi wamekwisha duniani na Mungu amemchagua yeye kuanza upya. Akawakusanya majirani makumi kadhaa. Walipogundua Wayahudi wapo, waliandika Roma, wakazungushwa miaka mingi, wakaingizwa mwaka 1946. Manduzio akafa 1948, na mwaka uliofuata wengi wa wafuasi wake wakahamia Israel. Wazungu hawa wakulima walipokelewa. Sitasema zaidi ya hapo. Msikilizaji una akili yako.

Siku hizi hali nyingine imezuka. Kijana wa Dodoma au Lubumbashi anasikiliza mafunzo ya marabi kwenye simu, anajifunza herufi za Kiebrania, anaacha nguruwe, anapumzika Jumamosi, na moyoni anajiona tayari. Akiandika kwa marabi wa mbali anajibiwa ahamie penye jamii, naye anaona ni ukoloni mwingine. Namwelewa. Hata hivyo kwa hilo nipo upande wa marabi. Masomo ya simu yatamfundisha siku ya Pasaka, hayatamwonyesha namna mama wa nyumba anavyosaka chembe ya mkate nyuma ya kabati usiku wa kuamkia sikukuu, wala hayatampa mtu wa kumwambia, bwana wee, hapo umekosea, fanya hivi. Ila marabi nao wana deni. Ukimwambia mtu maskini ahamie, mtafutie pa kulala. Amri ya kumpenda mgeni imerudiwa katika Torati mara nyingi kuliko amri nyingi nyingine, na Talmudi inakataza kabisa kumkumbusha aliyeingia maisha yake ya zamani. Maimonides, ambaye Waarabu humwita Musa bin Maimun, aliulizwa katika karne ya 12 na mtu aliyeingia kutoka nje kama aruhusiwe kusema katika sala Mungu wa baba zetu. Akamjibu aseme yote bila kubadili neno, kwa kuwa Ibrahimu ni baba yake pia.

Kwa wenzetu wa Kenya nitaongeza moja: kule Kasuku, Nyandarua, ipo jamii ndogo ya Wakikuyu wanaoshika Uyahudi, na uhusiano wao wa karibu ni na Mbale, wala si na sinagogi la Nairobi.

Basi kama unatokea Malaba, unapita Tororo ndipo ufike Mbale, na Nabugoye ni kilomita chache nje ya mji. Wageni wanapokelewa. Fika Ijumaa kabla jua halijazama, kwa sababu baada ya hapo hawataweza kukupikia. Simu na kamera viache begini mpaka Jumamosi usiku, mwanamume avae kofia, wala usibebe nyama. Ukitaka kuwachangia fedha, ngoja Jumapili: siku ya Sabato hawashiki fedha.